Kufunga nyuzi za raketi: kinachouzwa ni mvuto, si uzi

Msimu wa pamba unapofungwa katika kata ya Ngulyati, wilayani Bariadi, fedha iliyobaki mfukoni hutafuta pa kwenda. Wengi huipeleka mnadani kununua ng'ombe, wengine hufungua duka, wengine hununua pikipiki. Wapo pia wanaotafuta biashara ambayo haijajaa watu. Mojawapo ni kazi ya kufunga nyuzi za raketi za tenisi. Wiki hii tunaipima kazi hiyo kwa jicho la mwenye mtaji mdogo: vifaa vyake, ufundi wake, hesabu yake na hatari zake.

Kwa haraka mtu atacheka. Ngulyati inajulikana kwa pamba na ng'ombe, si kwa tenisi. Hata hivyo vitu hivyo viwili vina uhusiano wa karibu na raketi kuliko inavyodhaniwa. Utumbo wa ng'ombe umetumika kwa miaka mingi kutengeneza nyuzi za raketi, na mashine rahisi kuliko zote ya kufungia nyuzi hufanya kazi kwa kanuni ile ile ya mizani ya jiwe. Anayejua ng'ombe na anayejua mizani wote wana la kujifunza hapa, na wote wana mahali pa kupotezea fedha wasipokuwa waangalifu.

UTUMBO WA NG'OMBE

Tenisi ya kisasa ilianza Uingereza, ambako Meja Walter Wingfield alipata hataza ya mchezo wake mwaka 1874. Mwaka uliofuata, 1875, kampuni ya Babolat ya mjini Lyon, Ufaransa, ilianza kutengeneza nyuzi za raketi kwa utumbo wa mnyama. Kampuni hiyo ipo hadi leo, na nyuzi za utumbo bado zinauzwa. Mchezaji Roger Federer wa Uswisi, aliyestaafu mwaka 2022, alifunga utumbo upande mmoja wa raketi na poliesta upande mwingine.

Uzi huo hautokani na utumbo mzima. Kinachotumika ni utando wa nje wa utumbo mwembamba. Utando huoshwa, hukatwa vipande vyembamba virefu, husokotwa pamoja ukiwa mbichi, hukaushwa ukiwa umevutwa, kisha husuguliwa na kupakwa dawa ya kuukinga na unyevu. Raketi moja hula utumbo wa ng'ombe watatu hivi. Ndiyo sababu uzi wa raketi moja huuzwa nje kwa kiasi cha dola 40 hadi 50 za Marekani, wakati wa nailoni wa kawaida hupatikana kwa dola chache tu.

Hapa ndipo mfanyabiashara wa mifugo huanza kupiga hesabu ya haraka: kama ng'ombe watatu wanatoa uzi wa dola 40, basi machinjio ya kijiji ni mgodi. Hesabu hiyo si sahihi. Bei hiyo ni ya uzi uliokwisha kutengenezwa, si ya utumbo. Utando huharibika upesi baada ya ng'ombe kuchinjwa, hivyo kiwanda huhitaji machinjio makubwa, ubaridi wa uhakika, vyeti vya daktari wa mifugo na wingi usiokatika. Machinjio ya ng'ombe mmoja au wawili kwa siku hayawezi kutimiza masharti hayo. Zaidi ya hapo, utumbo una soko lake tayari: huuzwa siku hiyo hiyo, huliwa siku hiyo hiyo, na fedha yake hulipwa mkononi. Atakayekuja kijijini akiomba malipo ya awali ili "akusanye utumbo wa raketi" aombwe kwanza aonyeshe mkataba wa mnunuzi.

Faida, basi, haiko kwenye utumbo. Tuitafute kwenye kazi ya fundi.

AINA ZA NYUZI

Fundi wa raketi hukutana na makundi matatu ya nyuzi. La kwanza ni utumbo, laini kwa mkono, ghali, na adui yake ni maji. La pili ni nailoni, ambayo ipo ya uzi mmoja mnene na ya nyuzi ndogo nyingi zilizounganishwa. Hii ya pili ni laini zaidi na bei yake iko juu kidogo. La tatu ni poliesta, ngumu, haikatiki upesi, na humsaidia mchezaji kuuzungusha mpira kwa nguvu. Poliesta ilipata jina mwaka 1997, Gustavo Kuerten wa Brazil aliposhinda mashindano ya Ufaransa akitumia nyuzi za kampuni ya Luxilon ya Ubelgiji.

Fundi anayeanza aweke akiba kubwa ya nailoni na kidogo ya poliesta. Utumbo auagize pale tu mteja anapolipa kwanza. Aidha akumbuke kwamba poliesta hulegea mapema hata kama haijakatika, na ugumu wake huumiza kiwiko cha mchezaji asiye na nguvu. Mtoto wa shule asifungiwe poliesta iliyokazwa sana hata kama ameiona kwenye televisheni. Huo ni mkono wa mtoto wa mtu, na mzazi akimpeleka hospitali, biashara yenyewe itaumia pia.

Unene wa uzi huandikwa kwa namba. Namba 16 ni milimita 1.30 hivi, na namba 17 ni milimita 1.25 hivi. Namba ikipanda, uzi hupungua unene, kama ilivyo kwa waya. Wengi wanaoagiza kwa mara ya kwanza hukosea hapo.

MASHINE NA MIZANI

Mashine ziko za aina tatu. Ya kwanza ni ya jiwe. Ina mkono wa chuma wenye jiwe linalosogezwa juu ya alama. Fundi hubana uzi kwenye kishikio, huachia mkono ushuke, na mkono ukitulia sawasawa na sakafu, uzi umevutwa kwa kiasi kilichowekwa. Kila aliyewahi kuuza mzigo kwenye mizani ya jiwe la kusogeza ameiona kanuni hii: jiwe likienda mbali, uzito unaopimwa huongezeka. Mashine hii haihitaji umeme, na nje huanzia kama dola 150 hadi 300.

Ya pili ni ya hendeli na springi. Fundi huzungusha hendeli, na mvuto ukifika kiasi kilichowekwa, mashine hujifunga yenyewe. Ni ya haraka kuliko ya jiwe, lakini ikishajifunga haiendelei kuvuta, na uzi hulegea kidogo hapo hapo. Kwa hiyo raketi iliyofungwa kwa ratili 55 kwenye hendeli hutoka laini kidogo kuliko ile ya ratili 55 kwenye jiwe. Mteja akihama kutoka kwa fundi mwingine, aulizwe alikuwa akifungiwa kwenye mashine gani.

Ya tatu ni ya umeme. Huvuta bila kuchoka na hurekebisha mvuto yenyewe, ila bei yake ni kubwa na umeme ukikatika katikati ya kazi, raketi hubaki imebanwa nusu. Kwa mtaji mdogo na umeme usiotabirika, mashine ya jiwe ndiyo inayofaa kuanzia.

Lakini mashine ya jiwe ina kasoro yake. Mkono usipotulia sawasawa na sakafu, mvuto hupungua. Ukiinama au kuinuka nyuzi 10 za pembe, pungufu ni asilimia 1.5, jambo ambalo mchezaji hatalihisi. Ukifika nyuzi 20, pungufu ni asilimia 6: uzi ulioagizwa ratili 50 hupata ratili 47. Fundi mvivu ambaye hauinui mkono na kuubana uzi upya anampunja mteja kama karani anayecheza na mizani ya pamba. Mkulima wa Ngulyati halihitaji somo kuhusu hilo.

Mizani ya kununulia pamba hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Mashine ya raketi itabidi fundi aikague mwenyewe. Anachohitaji ni mizani ndogo ya kuning'iniza yenye ndoano. Ndoano moja hufungwa kwenye kipande cha uzi kinachoshikwa na mashine, nyingine hufungwa kwenye fremu, kisha mashine huachiwa ivute. Ratili 50 zisome kilo 22.7, ratili 55 zisome kilo 24.9, na ratili 60 zisome kilo 27.2. Mizani ikisoma pungufu, jiwe lisogezwe na alama mpya iwekwe. Kipimo hiki kifanyike kila mwezi na kila mashine inapohamishwa, na majibu yaandikwe kwenye daftari.

Vifaa vidogo ni vya kawaida: vibanio viwili vya kushikilia uzi usirudi nyuma, plaizi ya mdomo mrefu, mkasi wa kukatia waya, msumari uliosuguliwa ncha isiyokwaruza wa kupanulia tundu, na utepe wa kupimia. Vibanio visafishwe mara kwa mara. Kibanio chenye mafuta huteleza, na kinapoteleza hurudisha nyuma kila kilichovutwa.

KAZI YENYEWE

Kazi huanza kabla ya mashine. Fundi akague fremu mbele ya mteja, atafute ufa na vibomba vya plastiki vilivyochakaa kwenye matundu, na aandike alichokiona. Fremu yenye ufa ikivunjika mashineni bila maandishi, fundi ndiye atakayelipa. Kisha asome maandishi ya fremu. Nyingi zimeandikwa mpangilio wa nyuzi, mathalan 16 kwa 19, na mipaka ya mvuto, mathalan ratili 50 hadi 60. Mipaka hiyo isivukwe hata mteja akisisitiza.

Nyuzi kuukuu zikatwe kuanzia katikati kwenda nje, za wima na za mlalo kwa zamu, ili fremu isivutwe upande mmoja. Baada ya hapo fremu hufungwa kwenye mashine, imara lakini bila kubanwa hadi ipinde.

Raketi moja hutumia mita 12 hivi za uzi. Nyuzi za wima ndizo hutangulia. Mfumaji angeziita mtande, na za mlalo mshindio, na lugha hiyo inafaa kabisa hapa kwa sababu kazi ni ya ufumaji. Mtande huanzia katikati, kushoto na kulia, na upande mmoja usiutangulie mwingine kwa zaidi ya nyuzi mbili au tatu. Anayemaliza upande mmoja kwanza ataikuta fremu imepinda, na fremu iliyopinda hainyooki tena.

Mshindio huanzia kichwani mwa raketi kushuka chini, ukipita juu ya uzi mmoja na chini ya unaofuata. Hapo ndipo muda mwingi huliwa. Mambo mawili huharibu kazi. La kwanza ni kupitiliza uzi mahali fulani bila kugundua mpaka mwisho. Dawa yake ni kukagua kila mstari kabla ya kuuvuta. La pili ni kuvuta uzi kwa kasi juu ya mwenzake hadi msuguano uuchome. Uzi uliochomwa hauonekani siku hiyo, bali hukatika wiki ya kwanza, na mteja hurudi akidai uzi ulikuwa mbovu. Fundi mzuri huvuta akiupindisha uzi kidogo kidogo ili usisuguane mahali pamoja.

Uzi wa mwisho hupoteza mvuto wakati wa kufunga fundo, kwa hiyo mafundi wengi huuongezea ratili chache kabla ya kufunga. Fundo likazwe kwa plaizi, mkia ukatwe mfupi, na nyuzi zote zinyooshwe kwa vidole hadi miraba ilingane.

Raketi ya kwanza ya mwanafunzi huweza kumla saa mbili au zaidi. Fundi mzoefu hutumia nusu saa hadi dakika 40. Raketi kumi za mwanzo zisitozwe fedha. Zifungwe kwenye fremu kuukuu.

HESABU

Sasa tufike kwenye fedha. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, na kila mmoja aweke zake.

Tuseme mashine, vifaa vidogo na usafirishaji vimegharimu shilingi 900,000. Rola la nailoni la mita 200 limepatikana kwa shilingi 240,000. Kwa mita 12 kila raketi, rola hutoa raketi 16 na mabaki ya mita 8 yasiyotosha raketi nyingine. Uzi wa raketi moja basi ni shilingi 15,000. Fundi akitoza 35,000, hubakiwa na 20,000. Tutoe 5,000 kwa chumba, nauli na uzi unaoharibika. Inabaki 15,000. Ili kurudisha 900,000, lazima zifungwe raketi 60.

Raketi 60 zitatoka wapi? Wachezaji wana kanuni ya zamani: idadi ya siku unazocheza kwa wiki ndiyo idadi ya mara za kufunga nyuzi kwa mwaka. Anayecheza mara tatu kwa wiki hufunga mara tatu kwa mwaka. Kwa hiyo raketi 60 kwa mwaka zinahitaji wachezaji 20 wa namna hiyo, na wote wawe wateja wako. Ukipata wanane tu, zitakuwa raketi 24 kwa mwaka, na mtaji utarudi baada ya miezi 30. Kabla ya hapo hakuna faida hata senti.

Kwa hesabu hiyo, duka la nyuzi za raketi haliwezi kukaa Ngulyati. Wala raketi haziwezi kuletwa kwa basi kutoka mjini na kurudishwa, kwa kuwa nauli ya kifurushi, kwenda na kurudi, itakula sehemu kubwa ya zile 15,000. Fedha inaweza kutoka Ngulyati, lakini mashine lazima ikae karibu na viwanja. Nchini, viwanja vya siku nyingi viko kwenye klabu za Gymkhana za Dar es Salaam na Arusha. Nchi jirani ya Kenya ina klabu nyingi zaidi, na mwaka 2022 Mkenya Angella Okutoyi alishinda ubingwa wa wasichana wawili wawili wa vijana huko Wimbledon. Hata hivyo ushindi wa mchezaji mmoja si wingi wa wateja. Watu huhesabiwa uwanjani.

Njia moja ya kuongeza kazi ni kutotegemea tenisi peke yake. Mashine nyingi hufunga pia raketi za skwoshi na, zikiwa na vishikio vinavyofaa, za badminton. Raketi ya badminton hutumia uzi mwembamba wa milimita 0.70 hivi, mita 10, na mvuto wa ratili 20 hadi 28. Fremu yake ni dhaifu zaidi, kwa hiyo fundi asianzie hapo.

HATARI ZA MWEKEZAJI

Mwenye fedha Ngulyati na fundi mjini ni ubia, na ubia wa mbali una magonjwa yake. Fundi anaweza kufunga raketi tano na kuandika tatu. Kinga ni rola lenyewe. Rola la mita 200 likiisha, lazima daftari lionyeshe raketi 16, au maelezo ya kila pungufu. Mwekezaji anunue rola yeye mwenyewe, amkabidhi fundi moja moja, na asitoe la pili kabla ya hesabu ya la kwanza. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hatari ya pili ni kuuza mashine biashara ikikwama. Ng'ombe ana mnada, na bei yake, hata ikiwa mbaya, inajulikana siku hiyo hiyo. Mashine ya raketi ina wanunuzi wachache nchini, na watakaojitokeza watajua umekwama.

Hatari ya tatu ni jina. Wachezaji wa klabu moja huongea kila jioni. Raketi tatu zilizofungwa kwa mvuto wa kubahatisha zinatosha kumhamisha kila mteja. Kwa upande mwingine, fundi anayeandika kwenye kikaratasi tarehe, aina ya uzi na ratili, akakibandika kwenye raketi na kufunga vile vile mara ya pili na ya tatu, hahitaji tangazo.

USHAURI WETU WIKI HII

Usinunue mashine kabla ya kuhesabu vichwa. Nenda kwenye klabu unayoilenga, kaa hapo jioni tatu za wiki, uhesabu wanaocheza na uulize nyuzi zao zinafungwa wapi na kwa bei gani. Ukipata chini ya wachezaji 20 wa kudumu wasio na fundi, fedha yako ibaki kwenye mifugo. Ukipata zaidi, na una fundi unayemwamini, anza na mashine ya jiwe, rola moja la nailoni na mizani ya kuning'iniza. Mizani hiyo ndiyo kifaa cha bei ndogo kuliko vyote, na ndiyo isiyofaa kusahauliwa.